Mruko wa Mwalimu Kazungu

Jumatatu, 9 Februari 2026

Habari mbaya kabla hata ya chai ya saa nne. Mzee Hiribae, mwenyekiti wa bodi ya shule, ametuita ofisini mimi na Abdullahi. Akasema bodi haiwezi tena kuweka walimu wawili wa fizikia. Mmoja atabaki, mmoja ataenda. Ijumaa kila mmoja wetu atawafundisha Kidato cha Tatu somo moja la mwendo, naye atakuwepo kutazama.

Miaka kumi na moja nimefundisha hapa Garsen kwa mkataba wa bodi! Abdullahi ana miezi mitano. Akanishika mkono na kusema, Mwalimu Kazungu, basi tusaidiane. Tusaidiane! Naogopa, sitajidanganya. Nikikosa kazi hii nitarudi kupalilia migomba ya baba mkwe, na baba mkwe atafurahi mno.

Jumanne, 10 Februari

Mazoezi nyumbani. Jaribio lenyewe ni rahisi: unapanga vikombe juu ya kitambaa, unavuta kitambaa ghafla, vikombe vinabaki mezani. Kitu kilichotulia hupenda kubaki kimetulia. Nimelifundisha hilo mara mia, ingawa sijawahi kulifanya.

Kitambaa sikuwa nacho. Nikatandika leso mpya ya mke wangu Winfred, nikapanga vikombe vyake sita vya wageni. Nikavuta. Katikati nikaingiwa na hofu ya kuichana leso, nikapunguza mkono. Vikombe vikaja nayo, taratibu, kimoja baada ya kingine, mpaka sakafuni. Vimebaki viwili.

Winfred hakupiga kelele. Aliuliza tu kama hilo ndilo nililosomea. Chakula cha jioni hakikuwepo. Leso siku hizi zinatengenezwa vibaya.

Jumatano, 11 Februari

Nimechungulia maabara. Abdullahi ametengeneza vigari viwili vya mbao. Anasukuma kimoja kikagonge cha pili, apime momentamu kabla na baada ya kugongana. Lakini magurudumu yanakwamakwama! Kigari kinaishiwa nguvu kabla ya kufika kwa mwenzake. Alikuwa amejishika kichwa, maskini. Nilifurahi sana.

Nikaona nimmalize kabisa. Alipoenda kuswali adhuhuri, nikatoa kichupa cha samli kutoka jikoni kwetu, nikapaka kila gurudumu. Kusudi: vigari viteleze, vimponyoke, vianguke chini mbele ya Mwenyekiti. Akili ya namna hii haifundishwi chuoni.

Usiku Winfred aliuliza samli imeenda wapi. Nikamjibu, sayansi.

Alhamisi, 12 Februari

Somo langu nimelipata: mtumbwi! Watoto wa hapa wamezaliwa na mto Tana mlangoni, na huyu anawaletea vigari. Mimi nitaruka kutoka mtumbwini hadi ukingoni, mita mbili, nitue kwa miguu mikavu. Mzee Hiribae atakuwa amekaa mtumbwini. Uzito wake utauzuia mtumbwi usirudi nyuma zaidi ya kiganja, naye mwenyewe atapima kwa rula yangu ya mita. Mwenyekiti ndani ya jaribio! Atanipa kazi papo hapo.

Hamisi, mvushaji wetu, amekuwa mgumu. Anasema katika mto huu hashuki mtu kabla upondo haujakita matopeni. Ule mti mrefu wa kusukumia ukishashika chini, ndipo watu washuke, wa mbele kwanza. Nikamweleza kwamba upondo utaharibu hesabu. Akasema, Mwalimu, bila upondo mtumbwi hauna adabu. Hakunipa mtumbwi ukiwa majini. Alinikubalia nifanyie mazoezi ukiwa umevutwa nchi kavu, kwenye tope.

Nimeruka mara tatu. Mara zote tatu nimetua vizuri kabisa, na mtumbwi haukusogea hata unywele. Hamisi alicheka hadi akakaa chini. Mtu asiyesoma ana shida.

Ijumaa, 13 Februari

Abdullahi alianza. Vigari viliteleza kama vimetumwa. Vikagongana, vikaenda pamoja, hesabu ya kabla na ya baada ikalingana karibu sawasawa. Wanafunzi wakapiga makofi. Abdullahi akasema msuguano ulikuwa umemshinda, na kwamba mtu mwema, hamjui, amepaka magurudumu mafuta. Akamwombea dua hadharani. Nami nikaitikia amina, ningefanyaje?

Kisha tukashuka mtoni. Hamisi alikataa tena. Mzee Hiribae akamwambia amwache mwalimu afundishe, akapanda, akakaa, nikamkabidhi rula. Nikamwamuru Hamisi abaki ukingoni na upondo wake, asije akaniharibia hesabu. Nikasimama mbele ya mtumbwi. Nikaruka.

Mimi nilikwenda mbele kidogo. Mtumbwi ulikwenda nyuma sana. Nilitua majini, maji yakanifika kifuani. Nilipogeuka, Mwenyekiti alikuwa anaelekea Kau, huko chini mto unakoishia, rula mkononi. Mtu mmoja akapiga kelele, mamba! Lilikuwa gogo. Hata hivyo nilitoka majini kwa mwendokasi ambao hakuna aliyeupima.

Hamisi alikuwa anakimbia ukingoni akimfuata. Haikuhitajika. Mzee ni mtoto wa mto. Alipiga kasia kwa rula ya mita, akarudi mwenyewe. Nilipotazama wanafunzi, Abdullahi alikuwa anawaeleza kwa nini mwalimu akiusukuma mtumbwi nyuma, mtumbwi nao humsukuma mwalimu mbele. Walikuwa wanaandika, na kwa bidii! Kwangu hawajawahi kuandika hivyo.

Mzee Hiribae aliposhuka, baada ya upondo kukita, alisema amepanda mitumbwi miaka sitini na leo ndiyo mara ya kwanza kusafirishwa kama gunia. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumapili, 15 Februari

Barua imeletwa. Kazi ni ya Abdullahi. Mimi naondoka mwisho wa mwezi. Nililia kidogo nyuma ya nyumba. Winfred aliniona, akaniletea chai katika kimoja cha vile vikombe viwili, akasema baba yake ameshaninolea jembe.

Lakini nimefikiri mchana kutwa na kosa nimeliona. Si la kanuni, ni la vifaa: mtumbwi ulikuwa mzito mno, nami niliruka kwa woga. Nimemwandikia Mwenyekiti kumwomba nafasi moja tu ya mwisho, Jumatano. Safari hii nitatumia mtumbwi mdogo, mwepesi, na nitausukuma kwa nguvu zangu zote.