Asilimia Thelathini ya Bei ya Mnada

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Bei ya Mnada, programu yangu ya kuwapa wafugaji bei za ng'ombe, ina wateja kumi na mmoja. Duka la programu mtandaoni linakata asilimia thelathini ya kila malipo. Thelathini! Wamewahi kukanyaga zizi hao? Na Mzee Ngusa, baba wa mpenzi wangu Kija, amesema hapokei washenga wangu mpaka Jumapili aione hiyo "kazi ya simu" kwa macho yake. Leo nimeweka namba yangu ndani ya programu. Walipe kwangu moja kwa moja. Nani atajua?

Jumatano, 6 Agosti
Wamejua. Programu imefutwa dukani. Kija kaniuliza kama nilisoma masharti. Nikamwambia masharti hayasomwi na mtu. Akasema yeye huyasoma. Nampenda, ila ana tabia zake.

Alhamisi, 7 Agosti
Njia mbadala! Nimekwenda mnadani kuwawekea watu programu kwa mkono wangu. Malipo ni kuku. Bernadetha, mwenye kibanda cha kuchaji simu, amenipa benchi na umeme, kwa kuku mmoja katika kila wawili. Nimekubali haraka kabla hajabadili mawazo. Tumepata kuku wawili, mmoja wake. Kija kanipigia kusema hiyo ni nusu. Nikamweleza kwamba kuku hana asilimia.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku nzima kibandani, hakuna mteja. Kumbe Maiko, aliyelipa juzi, ameirusha programu kwenye simu za ukoo mzima. Nikamwambia huo ni wizi. Akaniuliza, kwani akinunua ng'ombe, maziwa anywe peke yake? Bernadetha kachukua kuku wangu, eti kodi ya benchi.

Jumapili, 10 Agosti
Kasekese, kwa Mzee Ngusa. Programu anayo tayari, karushiwa bure! Ameisifu sana, imemuuzia madume mawili kwa bei nzuri. Akauliza mimi nimepata nini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akasema nirudi dukani, nikatwe hiyo thelathini, nibaki na sabini. Nikirudi kabla ya Ijumaa, washenga waje. Kija akanisindikiza hadi barabarani, akanisihi nisikie safari hii. Nikaapa.

Jumatatu, 11 Agosti
Barua ya kuliomba radhi duka nimeiandika. Sijaituma, maana nimepata wazo kubwa zaidi. Nafungua duka langu la programu, hapa hapa Mpanda. Kila mtengenezaji wa Katavi atapitia kwangu. Nitakata arobaini, kazi ya kulinda mlango si ndogo. Nimempigia Kija kumpa habari, akakata nikiwa katikati ya maelezo. Sasa hapatikani. Mtandao wa huku mbovu sana.