Bunduki Iliyokula Mbuzi Kumi

Guta, Bunda
14 Agosti

Kwa Meneja wa duka la silaha, Musoma

Ndugu Meneja,

YAH: KASORO ZA BUNDUKI NILIYONUNUA KWAKO

Naitwa Mugeta Nyamhanga, mkulima wa pamba hapa Guta. Wiki sita zilizopita nilinunua kwako bunduki ya kuwindia, baada ya fisi kunilia mbuzi watatu ndani ya mwaka mmoja. Niseme ukweli, siku ya kwanza niliipenda. Kitako chake cha mti kinang'aa, inanukia mafuta, na nilipopita nayo senta hata wanaonidharau walinisalimia mara mbili. Sasa imeanza kuonyesha kasoro zifuatazo, nami naomba uzisome kwa utulivu.

1. Inapiga kelele. Niliijaribu mara moja tu, kwenye kichuguu. Kabla vumbi halijatulia, majirani kumi na wawili walikuwa wameshafika na visu na mabeseni kuulizia nyama. Walipoonyeshwa kichuguu walikasirika, ikabidi nichinje mbuzi kuwatuliza.

2. Inaita ndugu. Mjomba Yusto alitoka Kiabakari akasema chuma cha kuua hakiingii kwenye mji wa watu bila kubarikiwa, na baraka haitolewi kwa chai. Mbuzi wawili. Wiki iliyofuata baba zangu wadogo wakaja juu, wakitaka kujua tangu lini bunduki ya ukoo ikabarikiwa na upande wa mama. Wakaibariki upya. Mbuzi watatu, maana walikuwa wengi na wana hasira. Wakwe nao walikuja kuhakikisha haikununuliwa kwa ajili ya binti yao, wakalala siku mbili na kula mbuzi wawili. Wenzangu wa rika walikula wawili pia, na hawa hawakutoa sababu yoyote.

3. Kitabu chake cha maelekezo ni pungufu. Kina kurasa arobaini, kinaonya kuhusu kutu, unyevunyevu na watoto. Wajomba hawakutajwa popote.

4. Haijamgusa fisi. Nimeelezwa kwamba kabla ya kumpiga nitoe taarifa kwanza ofisi ya wanyamapori, kisha nisubiri wahusika. Fisi ana ofisi inayomtetea, Ndugu Meneja. Mbuzi hana.

5. Imeniharibia nyumba. Mbuzi wale walikuwa kumi na mmoja, mali ya mke wangu Boke, akiwafuga ili binti yetu Prudence aende chuo cha uuguzi mwezi wa kumi. Amebaki mmoja, naye ana mimba. Boke hagombi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alisema mara moja tu: "Fisi alikuwaga anachukua mmoja anaenda zake. Hakuwaga anasubiri supu." Kisha akaitoa kufuli kwenye sanduku la bunduki, akaifunga kwenye banda la mbuzi, na ufunguo akauning'iniza shingoni. Sasa mbuzi analindwa na kufuli, na bunduki nailinda mimi.

Kwa hiyo naomba uichukue bunduki yako, unirudishie mbuzi kumi, majike saba na madume matatu. Kama hilo ni gumu, nipe barua yenye muhuri isemayo kwamba bunduki hii ni mbovu kabisa, niibandike mlangoni, ndugu waisome wakiwa bado wamesimama.

Nisalimie wafanyakazi wote wa dukani, hasa dada Gloria aliyenifungia mzigo vizuri, na wa nyumbani kwako wote hata kama hawanijui. Prudence naye anawasalimu, ingawa hajui kama nawaandikia.

Wako niliye hasarani,
Mugeta Nyamhanga

N.B. Ukiona ni heri kunibadilishia, naomba ile ndefu yenye darubini uliyoitundika nyuma ya kaunta. Nimeshaitangaza kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, pamoja na picha, kama nilivyofanya kwa hii ya kwanza, na wamethibitisha kuja Jumapili. Kuhusu kitoweo usiwe na wasiwasi. Kufuli ile ilikuja na funguo mbili, na Boke anaujua mmoja tu.