Sifa kwa Zeze la Jirani

Jumatatu, 4 Novemba
Itangazwe kwa heshima zote, kuanzia jumba letu hapa Kyoto hadi ikulu ya mfalme: Bwana Kasai wa chumba cha pili, mhamiaji kutoka Aomori, amefunga nyuzi mpya kwenye zeze lake. Jioni nzima anacharaza. Ukuta kati yetu ni mwembamba kama karatasi. Nitamnyamazisha. Kistaarabu.

Jumanne, 5 Novemba
Sisi wa Kyoto hatumwambii mtu nyamaza. Tunamsifu, naye anajua kwamba anasumbua. Nimemvizia kwenye mapipa ya taka, nikainama mpaka kiuno kikalia, nikasema zeze la mheshimiwa linatuburudisha sote. Mtu wa hapa angeelewa na kuliuza zeze leoleo. Kasai akacheka, akauliza napenda wimbo gani. Jioni akaupiga. Mara mbili.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimeshuka ngazi moja ya adabu. Nikaomba, kama haitamwia vigumu, alifikirie wazo la kupunguza kidogo. Akasema, "Hamna shida, kaka." Nadhani amelifikiria. Huku anapiga.

Ijumaa, 8 Novemba
Nakula tambi peke yangu, akaanza. Nikagonga ukuta: "Funga domo, wewe!" Ngazi ya chini kabisa. Mtu wa mwisho niliyemwambia hivyo alikuwa ndugu yangu, tukiwa watoto. Kimya papo hapo. Ushindi.

Jumapili, 10 Novemba
Kimya. Kumbe friji yangu inanguruma. Kumbe pia wiki hii yote aliyenisemesha ni Kasai tu, ukiacha hita ya bafuni, inayonitangazia kwa adabu kwamba maji yako tayari.

Jumatatu, 11 Novemba
Mpango mpya: zeze lirudi. Mapipani tena, nimeinama zaidi, nikasema jioni zimepooza bila muziki wa mheshimiwa. Uso ukamshuka. Akasema samahani sana, mwenye duka la tofu ameshamweleza maana ya sifa za watu wa Kyoto. Jioni nimekuta mlangoni mfuko wa matufaha ya kwao. Ya kuomba radhi.

Jumanne, 12 Novemba
Ukweli wenyewe, maana humu hasomi mtu: nimekaa nimebandika sikio ukutani, natafuna tufaha polepole nisimsumbue. Upande wa pili kimya. Ningeweza kumgongea mlango, niseme, "Kasai, njoo na zeze lako, nimechoka kukaa peke yangu." Lakini jirani haambiwi hivyo wazi wazi. Kesho nitamsifu kwa lugha ya juu kabisa, ile ya kumwambia mfalme. Hapo lazima aelewe.