Boksi la Transista na Mkanda wa Batulo

Jumatatu, 7 Machi 1983
Leo nimeahidi! Jirani yetu Batulo, fundi cherehani, anashona gauni la harusi ya bintiye Luul. Harusi ni Ijumaa. Magoti yanamuuma kwa kukanyaga. Ana mota ya umeme ya kuendesha cherehani aliyopewa na kakake, lakini laini yetu ya nyumba hapa Shauri Moyo haina stima. Nikamwambia, Mama Luul, wacha wasiwasi, mimi Dishon nitaunda boksi la transista, ligeuze betri ya gari kuwa stima kamili. Akauliza kama nimewahi kuunda jingine. Maswali gani hayo?
Mbuthia, fundi redio wa kibanda cha pili, alicheka mpaka akakohoa. Wivu tu.

Jumanne, 8 Machi
Boksi tayari. Transista nne, transfoma ya redio iliyokufa. Zito ajabu! Lilikosa kishikio cha kubebea. Nikakata mkanda wa ngozi wa cherehani ya Batulo, ule unaozungusha gurudumu akikanyaga. Kishikio maridadi. Batulo akaguna. Nikamweleza kukanyaga kumekwisha, kuanzia kesho ni stima. Mke wangu Selpher aliposikia aliketi, akaniuliza mara mbili kama nimeukata kweli.

Jumatano, 9 Machi
Mota ilinguruma! Kina mama wakapiga vigelegele. Batulo akashona mkono mmoja mzima. Dakika nane. Halafu moshi.
Kosa si langu, ni la joto. Mbuthia akapita akisema transista hutaka bati pana la kuzipoza. Kana kwamba sijui! (Sikujua.) Nimechukua sufuria ya Selpher, ile ya chai ya chama chao cha kina mama, nikafunga transista mpya ubavuni, nikaijaza maji. Selpher hajajua.

Alhamisi, 10 Machi
Selpher amejua.
Sufuria ilifanya kazi dakika ishirini. Maji yakachemka, Selpher akatia majani kwa hasira, tukanywa chai. Kisha transista zote nne, kwisha! Gauni lina mikono, halina shingo wala pindo. Harusi kesho. Batulo hakufoka. Alilishika tu gauni mapajani, machozi yakamlengalenga. Heri angenitukana. Nilitamani ardhi inimeze.
Mbuthia akaondoka mbio. Akarudi kutoka soko la Kariokor na mkanda mpya wa ngozi, akaufunga mwenyewe. Lakini magoti ya Batulo yalikuwa yamevimba. Basi nikavuta stuli kando yake. Mimi nikakanyaga, yeye akaongoza kitambaa. Saa sita nzima! Mbuthia akasema mama hatimaye amepata mota. Batulo akacheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini.

Jumamosi, 12 Machi
Harusi ilifana! Luul alimeremeta. Batulo alituletea pilau, akamwambia Selpher mimi ni mwanawe. Nyama yangu ilizidi ya Mbuthia, nilichungulia. Miguu yangu haisimami, lakini moyo umetulia. Nampenda sana yule mama. Hatakanyaga tena, naapa.
Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Sufuria ilikuwa ndogo! Ile ya pilau ya harusi ni alumini tupu. Inabeba transista ishirini. Tutaendesha cherehani, tutaendesha viwanda!
Boksi jipya litakuwa zito zaidi, litahitaji kishikio imara. Mkanda wa Kariokor ni ngozi nene, safi. Batulo amepumzika, simsumbui. Kisu nimeshanoa.