Chai ya Mbugua Hotelini kwa Wekesa

Leo nimeaibika, wenzangu. Uso wangu nimeuacha Thika, ndani ya hoteli, mbele ya watu wanaokula. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu basi la kurudi Ruiru lilijaa watu walioona kila kitu, na najua midomo ya watu wa Ruiru. Kesho mtaambiwa nilipigana na mtoto nikashindwa. (Si uongo sana.)

Tuanze na shida yangu. Tangu tumzike mke wangu Nyambura, mwaka juzi, mwanangu Mbugua analelewa na mama yangu kijijini. Mimi nalala huku shambani kwenye laini za wafanyakazi, upande wa Theta, na mchana kutwa nageuza kahawa kwenye meza za kuanikia. Mtoto namwona Jumapili. Jioni narudi chumbani, napika ugali wangu, nakula nikiutazama ukuta. Upweke umenichosha. Nasema wazi, sioni haya. Haya yangu ya leo yote imekwisha.

Basi nikampata Rahabu. Anafundisha watoto wa darasa la kwanza pale Thika, ana sauti ya chini na anacheka kwa urahisi. Tumeelewana. Lakini baba yake, Mzee Jeremia, ni mzee wa kanisa na hana haraka na mtu. Aliniambia, "Karanja, wewe nimekusikia. Sasa niletee huyo mtoto nimwone. Mwanamke haolewi na mume peke yake, anaolewa pamoja na watoto aliowakuta."

Hapo nililala macho wazi.

Mbugua ana miaka mitano, na amebeba jina la baba yangu. Kwetu Wagikuyu mtoto akipewa jina la babu yake, ni babu mwenyewe amerudi nyumbani. Mimi namwita Baba. Mama anamwita "mume wangu," na hafanyi mzaha. Mbugua anakalia kigoda cha marehemu. Nyama ikiiva, anaonja wa kwanza. Akikataa kuoga, mama anasema, "Mwache, hata zamani hakupenda maji baridi." Kumchapa? Nani atamchapa baba yake? Kwa hiyo mtoto amekua bila kuambiwa hapana na mtu yeyote. Mimi nilitaka Mzee Jeremia aone mtoto wa kisasa, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na "shikamoo" mdomoni.

Nikachagua hoteli kwa makusudi. Nyumba ya mama ina moshi na kuku, na siku hizi za Hali ya Hatari mgeni akiingia kijijini anaulizwa maswali mengi na askari wa getini. Hotelini tutakaa vitini, tutakunywa chai, tutaongea kama watu. Ruhusa ya kutoka tuliipata kwa taabu, ikisema turudi kabla jua halijazama. Asubuhi nikampaka Mbugua mafuta mpaka akang'aa.

"Baba," nikamwambia, "leo tafadhali."

Akaniangalia tu. Macho ya baba yangu kabisa.

Hoteli ni ya Wekesa, mtu wa Bukusu aliyekuwa mpishi wa jeshi wakati wa vita. Ni mnene, ana aproni nyeupe, na haamini mtu. Mimi, mama na Mbugua tulimkuta amesimama mlangoni, akatuwekea mkono mbele tusiingie kwanza.

"Karibuni. Huyu mtoto yuko namna gani?"

"Huyu?" nikacheka. "Huyu hana neno. Ni mtulivu sana."

"Wote husema hivyo. Juzi mmoja mtulivu alimwaga sufuria ya mchuzi kwa miguu ya karani wa posta. Karani hajarudi tena. Sasa nimeweka sheria. Mtoto wa makelele, nje!"

Ndani kukazuka maneno. Dereva mmoja wa lori la mkonge akasema sheria ni nzuri, yeye nyumbani ana watoto chungu nzima na huja hapa kupumzisha masikio. Bibi mmoja aliyekuwa anakula maharagwe akamjibu, "Ukifukuza watoto leo, Wekesa, kesho utamuuzia nani chakula?"

"Kesho nitawauzia baba zao," akasema Wekesa.

Watu wakacheka. Mimi nikaona Mzee Jeremia na Rahabu tayari wameketi kule ndani wananitazama, na kujipendekeza kukanishika. Nikapaza sauti: "Sheria nzuri kabisa, bwana! Mtoto asiye na adabu atolewe!" (Mdomo huu wangu. Mungu angeniumba na kifungo tu.)

Tukaketi. Mama karibu na mumewe, yaani Mbugua. Mimi mbele ya Mzee Jeremia, ambaye alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani. Ikaja chai ya maziwa kwa birika, chapati na nyama.

"Unaitwa nani, mzee wangu?" Mzee Jeremia akamwuliza mtoto.

Kimya.

"Umeulizwa jina," nikamwambia.

Mbugua alikuwa anamtazama Rahabu bila kupepesa macho, kama mtu anayenunua ng'ombe. Halafu akaingia chini ya meza. Akatokea upande wa pili. Akachukua kijiko akaanza kupiga sahani: ngo, ngo, ngo. Wekesa akageuza kichwa kule jikoni.

"Baba," nikamnong'oneza, "nakuomba, tafadhali sana."

Rahabu akasikia. Mtu mzima namwomba mtoto kwa unyenyekevu wa mpiga magoti! Lakini hakunicheka. Alimimina chai kidogo kwenye kisosi, akaipuliza ipoe, akakisogeza mbele ya Mbugua. Akakata kipande cha chapati akakiweka kando. Mbugua akaacha kijiko.

Akanywa. Akala. Nikapumua. Mzee Jeremia akaanza kuniuliza habari za kahawa, mvua ilivyo, kama mzungu wa shamba ni mtu wa kusikia. Nikajibu vizuri. Mama akatabasamu. Nilianza hata kufikiria siku ya kupeleka mbuzi wa kwanza wa mahari. Kwa kweli kwa muda huo mfupi nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu mazishi.

Mbugua akapanda juu ya kiti.

Akasimama wima. Akachukua kisosi kwa mikono miwili, akajaza chai mdomoni mpaka mashavu yakavimba. Dereva wa lori akaacha kutafuna. Mbugua akamwinamia Rahabu, na fwaaa! Chai yote usoni na kifuani mwa Rahabu. Kabla sijaamka, akajaza tena. Fwaaa! Mara hii shati jeupe la mzee wa kanisa.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mkono wangu ukitua shavuni mwa mtoto, na sauti yangu ikijaza nyumba nzima: "Mshenzi wewe! Mjinga! Unataka kuniua?" Kiti kikaanguka. Birika likaruka. Kikombe cha Wekesa kikavunjika sakafuni. Mimi bado napiga kelele, mambo yote yananitoka, ya mazishi, ya chumba, ya ugali wa kila jioni, mpaka nikasema wazi mbele ya watu, "Kwa sababu yako nitakufa peke yangu!"

Mbugua hakulia. Alishika shavu akanitazama.

Aliyelia ni mama. "Woi! Karanja amempiga baba yake! Njooni mwone, amempiga baba yake!"

Wekesa akafika na aproni yake. Mimi nikamwonyesha mtoto kwa kidole. "Mtoe! Mtoe nje, sheria ni sheria!"

"Nani alipiga makelele hapa?" akauliza Wekesa.

"Huyu ametemea watu chai!"

"Nimeona. Alitema bila kelele. Kikombe changu hakuvunja yeye." Akanishika kola ya koti, koti langu la pekee. "Twende, bwana. Nje."

"Mimi?"

"Wewe."

Nikatolewa. Watu wazima wananipisha njia! Yule bibi wa maharagwe akasogeza hata miguu yake nipite vizuri.

Chini ya dirisha la hoteli kuna benchi fupi sana. Ndilo la watoto waliotolewa. Lilikuwa na msichana mmoja mdogo, kamasi mpaka mdomoni, anangoja mama yake amalize kula. Sikuwa na pengine pa kukaa, nikaketi, magoti yakanifika kidevuni.

Akanitazama kwa huruma. "Wewe umemwaga nini?"

"Chai," nikasema.

"Mimi uji."

Akanisogezea nafasi kidogo.

Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia mama. Alikuwa anaongea polepole, bado analia. "Mzee, usimkasirikie huyu mtoto. Mimi ndimi niliyemfundisha. Marehemu mume wangu alikuwa akimbariki mtu, anaweka pombe ya muratina mdomoni anamnyunyizia. Huyu naye kila asubuhi kabla sijaenda shambani ananinyunyizia maji. Lakini si kila mtu. Majirani wamemwomba, amekataa. Ananyunyizia mimi tu."

Jamani. Hata mimi baba yangu, yule wa kwanza, alinibariki hivyo asubuhi niliyotoka nyumbani kutafuta kazi. Nilisimama uani nimelowa pombe kifuani, nikajiona mtu mkubwa kuliko wote Ruiru. Najua baraka inavyofanana. Leo imefanywa mbele yangu, mchana kweupe, na mimi nikaona shati chafu tu.

Na mama alisema kweli. Mimi mtoto hajanibariki hata kwa tone.

"Mama, nyamaza kulia," nikasikia Mzee Jeremia anasema. "Mimi ni mzee wa kanisa, lakini nilizaliwa na Mugikuyu. Mara ya mwisho kunyunyiziwa hivi nilikuwa naenda misheni kusoma, na aliyeninyunyizia alikufa kabla sijarudi." Halafu akaita, "Wekesa! Mletee mtoto chapati nyingine."

Wakala. Nawaambieni, wakala mpaka wakamaliza, mimi niko pale na yule msichana. Mara moja nikainua kichwa kuchungulia dirishani, Wekesa akaniona, nikakirudisha chini. Yule msichana aliitwa na mama yake akaenda. Nikabaki peke yangu kwenye benchi la watoto.

Walipotoka nikasimama haraka, nikavua kofia. Rahabu alikuwa amemshika Mbugua mkono. Leso yake ililowa, na chai ilikuwa imekauka kwenye kola yake.

"Rahabu, nisamehe," nikasema. "Nilidhani amekutukana."

"Mimi nilikuwa nacheka, Karanja," akasema. "Aliponinyunyizia, nilicheka. Hukuniona?"

Sikumwona. Ni kweli, sikumwona hata kidogo.

Akachutama, akamwekea Mbugua kola yake sawa, akauweka mkono wa mtoto ndani ya mkono wa mama yangu. Kwangu hakumpa. Kisha akasogea kando akasimama akitazama barabara.

Nikamgeukia baba yake. "Mzee, mtoto si mbaya."

"Mtoto ni mzuri sana," akasema Mzee Jeremia. Shati lake lilikuwa na doa kubwa la chai kifuani, na hakuwa amejaribu kulifuta. "Nilikuja kumwona mtoto, nimemwona. Nimeridhika naye kabisa."

Nikamsogelea. "Basi, Mzee, lile neno letu..."

"Karanja," akasema, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Wewe pia tumekuona."

Akavaa kofia. Wakaenda, yeye mbele na Rahabu nyuma, na Rahabu hakugeuka.

Ndani ya basi Mbugua alilala kwenye mapaja ya mama, shavu nililopiga likiwa juu. Nikanyoosha mkono nilifute vumbi. Mama akauondoa mkono wangu taratibu, bila neno, kama anavyofukuza nzi asimwamshe mtu. Huyo ni mama yangu mzazi, wenzangu.

Sasa nimerudi chumbani na sitaki kupika. Mkiuliza maoni yangu juu ya hoteli kufukuza watoto, nasema zifukuze tu, ila zianze na baba zao. Na nawaomba msicheke. Aliyekuwa na haki ya kucheka leo ni Rahabu, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.