Vita vya Protus Ojiambo na Magurudumu Mawili ya Mbele

Tegeni masikio, enyi wavushaji wa watu kwa baiskeli, enyi akina mama wa samaki wa Osieko, na nyinyi makarani mnaojifanya hamsikilizi, mpate kujua jinsi magurudumu mawili ya mbele yalivyotiishwa pale Malaba mwaka wa sabini na nne, na shujaa asiyekuwa na upanga bali spana, tena ya kuazima. Falme zimeanguka na kuinuka, na hayo yameandikwa na watu waliosoma kunizidi. Lakini kusimama kwa gari la Mzee Emukule hakuna aliyekuandika, nami naona si haki.

Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, la kale, jeusi, lenye tumbo la sultani. Lilikuwa limewapeleka kanisani mabinti wote wa Emukule isipokuwa kitinda mimba, Apeduno. Kwenda lilijua. Kusimama lilikuwa limeacha. Ukizikanyaga zile breki zake za dramu, ngoma za chuma za kizamani, zilitoa sauti ya mtu anayefikiria, halafu basi. Mwezi wa tatu liliuteremka mteremko wa Malaba, likakipita kizuizi cha mpaka kama mjumbe wa dola, likaingia Uganda bila pasi. Emukule, mwenye moyo wa simba na akili ya siku ile, alifungua mlango akaushusha mguu wake wa kulia uwe breki. Gari likaja kusimama kwenye magunia ya kahawa. Mguu ukatiwa plasta.

Plasta hiyo ikiwa juu ya kigoda, alitoa tangazo mbele ya mchumba wa Apeduno, Protus Ojiambo, fundi wa Burumba, ambaye ng'ombe zake za mahari zilikuwa zimeshafika na zimeshaanza kunenepa.

"Kijana, ng'ombe nimepokea, asante," alisema. "Lakini binti zangu wote wameenda kanisani na hii gari. Apeduno naye ataenda nayo, na itasimama kwa mlango wa kanisa, sio kwa mlango wa Kampala. Isiposimama, harusi hakuna. Utarudi na ng'ombe zako."

"Mzee, hizo dramu zimekufa. Mimi nitaweka diski hapa mbele, kama gari za siku hizi."

"Weka hata sahani! Bora isimame."

Basi shujaa akaingia vitani. Diski na kalipa zake, yale makucha ya chuma yanayoibana diski, alizing'oa katika gari changa la ukoo uleule lililopinduka karibu na Burumba, akazibeba kwa baiskeli hadi Angurai, kwa mhunzi wa majembe ya ng'ombe, aliyemkatia mabamba mawili ya kuzishikilia kwenye ekseli ile ya kale. Mabamba yalikataa kuingia. Yakapigwa tupa, yakakataa tena. Yakatukanwa kwa Kiteso na kwa Kikhayo, yakakubali. Kufikia Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi, diski zilimeta nyuma ya magurudumu kama ngao za jeshi ambalo bado halijaona adui.

Ilibaki kutoa hewa kwenye mabomba ya mafuta ya breki, na hapo historia hudai watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine akae gurudumuni afungue skrubu ya kalipa, hewa itoke. Emukule alikuwa na mguu mmoja mzima, nao ulikuwa wa klachi. Apeduno akainuka. Mama yake, Gaudencia, akamkalisha.

"Wewe ni wa kubebwa. Mtoto ni wangu, mguu utakuwa wangu."

Lo! Mama mkwe na mkwe, ambao kwa sheria ya Wateso hawatazamani usoni wala hawasemezani! Ikabidi boneti iinuliwe iwe ukuta wa ngome, naye Apeduno asimame ubavuni mwa gari awe balozi.

"Mwambie mama akanyage," Protus akanguruma kutoka gurudumuni.

"Mama, kanyaga."

"Nimekanyaga. Mwambie huyo mtu."

"Amekanyaga."

"Ashike hapo hapo!"

"Mama, shika."

"Nashika na nini? Mimi niko na mguu tu!"

Ndivyo walivyopigana, jua likapanda, likachoka. Emukule kigodani akauliza, "Mnakamua gari ama ng'ombe?" Hatimaye Gaudencia akatoa waraka mkali: "Mwambie hii pedali inazama kama tope ya mto. Kama ndiyo hii atabebea mtoto wangu, afadhali punda."

"Mama anasema bado kidogo," balozi akatangaza.

"Sijasema bado kidogo!"

Protus akalala chali chini ya gari, akatazama, akaliona kosa. Hewa, kama kila mwenye cheo, hupanda juu na kukaa huko. Lakini skrubu za kalipa zake zilikuwa zimeelekea ardhini. Siku nzima ya jana yake, kila Gaudencia alipopita uani na ndoo, yeye kwa adabu alizama chini ya gari upande huu na kuibukia upande ule, kalipa mkononi. Kwa kuzama na kuibuka huko, ya kulia ilifungwa kushoto, na ya kushoto kulia.

Angeweza kuilaumu spana. Hakuilaumu.

"Apeduno, mwambie mama nimekosea mimi. Ya kulia iko kushoto."

Emukule akafungua kinywa. Gaudencia akamtangulia. "Mwambie abadilishe. Mguu wangu bado uko."

Akabadilisha. Wakaanza upya, kanyaga, shika, achia, mpaka sauti ya mama ikavuka ngome: "Imekataa! Mwambie imekataa kuzama! Ni kama kukanyaga jiwe!"

Ijumaa likaja jaribio, palepale mteremkoni Malaba, Protus kwenye usukani na Emukule kando yake na plasta yake. Gaudencia alikuwa ameshatangulia kwa miguu. Akasimama katikati ya barabara, mbele ya kizuizi, mgongo wake ukiwa umeuelekea mteremko.

"Mama, toka barabarani!" Apeduno akalia kutoka kando ya barabara.

"Nilikanyaga mimi. Kama nilikanyaga vibaya, nijue wa kwanza."

"Basi geuka hata uone!"

"Nigeuke nitazame mkwe? Una wazimu?"

Gari likashuka. Askari wa kizuizi, mlinzi wa jamhuri, akaingia mtaroni. Protus akakanyaga. Vumbi likampita Gaudencia, likavuka hadi Uganda. Gari halikumfikia, lilikomea mkono mmoja nyuma ya kisigino chake, likatetemeka, likanyamaza.

Hakugeuka. "Apeduno, imesimama?"

"Imesimama, mama."

"Mwambie kesho asichelewe kanisani."

Na iandikwe basi, hata kama ni kwa mkono wangu huu mbaya: mwaka ule, mpakani mwa nchi mbili, gari la Emukule liliambiwa lisimame, likasimama. Wako wenye magari makubwa zaidi, na wenye nchi pia, ambao zama zile waliambiwa hivyohivyo wakashindwa.