Masizi Yenye Alama za Vidole

Jumatatu, tarehe 4

Duka limeungua jana. Si lote. Hata hilo linaniudhi, maana likiungua lote mtu hupewa pole ya maana. Imeungua meza ya kukatia, cherehani yangu kuukuu, majora sita ya kitambaa na ukuta wa nyuma. Basi.

Chanzo ni pasi. Niliilaza mezani dakika mbili tu, nikaenda dirishani kutazama ubao mpya wa fundi wa ng'ambo ya barabara. Mimi humwita Nadhifu, kwa sababu hata chaki yake ina kijisanduku. Dakika mbili zikawa kumi. Ubao wenyewe una taa! Aliyeuona moshi kwanza ni yeye. Aliyekuja na ndoo ni yeye. Aliyewapigia zimamoto simu ni yeye. Sasa nalazimika kumshukuru mbele za watu.

Mkubwa wa zimamoto alisema tusiguse kitu, tusiwashe umeme, tupige picha, tuandike orodha ya vilivyoharibika, tuwaarifu watu wa bima. Mke wangu ameyaandika yote na kuyabandika jikoni. Nikamwambia nina akili zangu. Akasema ndiyo maana ameyaandika.

Jumanne, tarehe 5

Mkaguzi wa bima anakuja Ijumaa. Bima wasipolipa, sina uwezo wa kufungua tena, na mwenye nyumba atampa Nadhifu chumba changu. Nadhifu ameshakiulizia, kwa upole wake ule wa kukera. Miaka kumi na tisa ya kuinamia cherehani iende hivihivi!

Nimesimama mlangoni nikalitazama duka kwa macho ya mkaguzi. Aibu tupu. Kwa moto huu atanipa pole na kikombe cha chai. Nikakaa nikaandika orodha inayoeleweka: cherehani nne zimeteketea, ikiwemo ile kubwa ya kudarizi. Sare arobaini pia.

Kwa kuwa hapa nipo peke yangu: imeungua moja. Ya kudarizi haina hata mkwaruzo. Sare zinanuka moshi tu. Sare zenyewe ni za mama mkwe, mwenye shule ya watoto wadogo inayofunguliwa Jumatatu ijayo. Huyu ndiye aliyemuuliza binti yake, siku ya posa, kama mafundi wengine wote wamekwisha.

Jumatano, tarehe 6

Kazi tangu asubuhi. Nimeazima cherehani tatu mbovu kwa muuza vyuma chakavu. Nilipozishusha nikagundua ya tatu ni mashine ya kusagia nyama. Si kitu, ikipakwa masizi nani atajua? Kisha nikasaga mkaa nikazipaka, na kuta nazo, mpaka mkono ulipofika. Ngazi sina. Nadhifu anayo, lakini siombi.

Cherehani ya kudarizi na sare nimezificha chini ya kitanda chetu. Mke wangu aliporudi akauliza mbona chumba kinanuka moshi. Nikasema ni mimi. Hilo hakulipinga.

Alhamisi, tarehe 7

Mama mkwe amekuja nyumbani kuulizia sare. Nikainamisha kichwa nikamwambia pole, mama, zote zimeteketea. Nilingoja matusi. Hayakuja. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, akasema kuna watoto pale ambao hiyo ndiyo nguo mpya pekee watakayoipata mwaka huu. Roho iliniuma, sifichi. Karibu niseme.

Lakini akasema presha imempanda, akaenda kujilaza kidogo. Chumbani kwetu. Kabla sijapata la kufanya, alipovua viatu mguu wake ukanasa kwenye mkono wa shati. Akavuta. Akavuta tena. Alizihesabu kwa sauti, moja hadi arobaini, bila haraka, nami nimesimama pale kama mtuhumiwa. Kisha akamwita binti yake, akamwambia, "Mwanangu, sare zimefufuka."

Nimezifua zote kwa mikono yangu, maji matatu, mama mkwe kaketi kwenye kiti anakagua kola. Mke wangu, baada ya kunikamua yote, kasema nikaichane ile orodha, nirudishe vyuma vya watu, nimwambie mkaguzi ukweli. Nimesema nitafikiria. Nimefikiria. Sare nimezifuta kwenye orodha. Cherehani zinabaki.

Ijumaa, tarehe 8

Mkaguzi ni mama mmoja mfupi mwenye tochi. Alimulika dari, akamulika kuta, akasema moto hupanda juu, ila huu wangu umeishia pale mkono unapofika na umeacha alama za vidole. Akaomba kuona mkono wangu. Nikautia mfukoni.

Kisha akasogeza zile cherehani. Akaeleza, kwa sauti ya kumfundisha mtoto, kwamba kitu kikiwepo wakati wa moto sakafu chini yake hubaki safi. Chini ya zangu tatu palikuwa peusi tii. Karibu na dirisha palikuwa na mraba safi kabisa, usio na kitu juu yake. Akauliza kilichokuwa pale kimekwenda wapi. Nikasema palikuwa na zulia. Akaokota mashine ya nyama, akazungusha mpini, akaniangalia.

Na hapo ndipo akaingia Nadhifu, na simu yake! Alisikia agizo la zimamoto siku ile, akaona nimechanganyikiwa, akanipigia picha za duka zima kunisaidia. Meza. Cherehani moja imeungua, moja nzima. Majora sita. Picha zote kumi na mbili, zimepangwa vizuri. Msaada wa namna hii unaua.

Mkaguzi akaikunja orodha yangu akanirudishia. Akasema hakuiona. Nimpelekee ya kweli Jumatatu saa tatu asubuhi, nitalipwa meza, cherehani, kitambaa na rangi ya kuta. Nisipoipeleka, anafunga jalada.

Jumapili, tarehe 10

Mke wangu ameandika orodha ya kweli, kwa mwandiko wake, kurasa mbili, na picha za Nadhifu ameziambatanisha. Kazi yangu ni kuipeleka tu. Yeye ameenda kwa mama yake. Mimi napiga pasi sare hapa nyumbani, adhabu ya mwisho. Zimebaki mbili.

Orodha ilijikunja mfukoni mwangu nikaona si heshima kumpa mkaguzi karatasi yenye makunyanzi, nikailaza juu ya sare ya thelathini na tisa niinyooshe kidogo kwa pasi. Wakati inanyooka chini ya pasi nimeona niketi niandike haya. Nimejifunza mengi wiki hii. Kwa mfano, kosa langu lilikuwa mkaa. Ningetumia maji: maji ya zimamoto huharibu vitu vingi, na hayaachi alama za vidole.

Kuna harufu ya kuungua. Atakuwa jirani wa juu, yule mama hajui kuangalia sufuria. Nikimaliza ukurasa huu nitapanda nikamweleze hatari ya moto.